Ruhusa ya Kumzika Ketil

Haxelby, tarehe tatu Mei, mwaka 1208

Kwa mwanangu Thurstan, mwandishi wa Askofu wetu, huko ng'ambo kwa Wafaransa.

Mama yako Hawisa ni mzima, ila si mzima sana. Anayeandika ni Padre Aldred, maana kalamu kwangu ni unyoya wa bata tu. Ukikuta neno zuri humu, ni lake. Yaliyobaki ni yangu.

Baba yako ametutoka. Ketil wangu alifariki Ijumaa asubuhi, kifua kilimbana siku tatu tu, na mpaka mwisho alikuwa anauliza kama gurudumu la msaga nafaka limeshachukuliwa. Padre alimwungamisha, maana anayekufa bado anaruhusiwa kuungama. Kuzikwa ndiko kusikoruhusiwa. Wewe unayajua mambo haya kuliko sisi. Papa ameteua askofu mkuu, Mfalme akaapa mtu huyo hatakanyaga nchi yake, basi Papa kwa hasira akafunga makanisa ya nchi nzima. Misa hakuna. Kengele zimefungwa kamba. Lango la makaburi lina kufuli. Mfalme, nasikia, anakula na kuwinda kama kawaida. Anayeadhibiwa ni Ketil seremala, ambaye Mfalme hakuwahi kumwona hata kwa mbali.

Waliokufa tangu Kwaresima wanafukiwa nje ya kijiji, kando ya mtaro wa barabara kuu, bila sala. Baba yako alilijua hilo. Usiku wake wa mwisho aliniambia: "Hawisa, usinitupe kule wanakokojolea walevi. Nilaze na wasichana wetu." Dada zako wawili wako pale chini ya ukuta wa kanisa tangu mwaka wa homa. Nikamwahidi. Sijawahi kumvunjia ahadi, hata zile za kijinga.

Jeneza alilichonga mwenyewe mwaka juzi, la mwaloni. Nimemzungushia nguo ya nta na msaga nafaka ameziba mbao kwa lami. Yuko karakanani kwake. Wewe unaishi nyumba moja na Askofu. Muombee baba yako ruhusa, ya mtu mmoja tu. Kengele sitaki. Shimo nitachimba mwenyewe.

Ni mimi, mama yako,
Hawisa

*

Ng'ambo, kwenye nyumba ya Askofu, tarehe ishirini na sita Juni, 1208

Mama yangu mpendwa, shikamoo.

Barua yako imenifikia juzi, sikukuu ya Mtakatifu Yohane, wenzangu wakiwa wanakoka moto wa sherehe. Nilitoka nje nikalia nyuma ya zizi la farasi. Baba hakunipiga hata siku moja nilipoharibu mbao zake, nikakumbuka hilo zaidi ya mengine yote.

Usiwe na wasiwasi. Askofu ananithamini sana. Kila jioni naitwa kwake, tunazungumza habari za nyumbani, na suala la baba nimelifikisha. Amesema atalitafakari. Kwa vyovyote amani iko karibu. Wajumbe wa Mfalme wamepita hapa wakienda Roma, na kila mtu mezani anasema makanisa yatafunguliwa kabla ya mavuno.

Kwa hiyo nakusihi, usimfukie barabarani. Akishalala katika udongo ule, kumtoa ni kazi kubwa, kuna sheria zake. Watu wa huku wana njia ambayo wazee wao waliitumia makanisa yalipofungwa. Jeneza linapandishwa juu ya mti ulio ndani ya ukuta wa kanisa, linafungwa kwa kamba. Marehemu hajazikwa, kwa hiyo amri haijavunjwa. Wala hajatupwa nje, maana yuko ndani ya uwanja mtakatifu. Pale kwetu kuna ule mti mkubwa wa kanisa usiopukutisha majani. Padre afungue lango kwa saa moja tu. Ni kwa majuma machache.

Mniandikie lolote bila woga. Barua zenu huletwa moja kwa moja mkononi mwangu, hakuna anayezifungua.

Mwanao mtiifu,
Thurstan

*

Haxelby, juma la kwanza la Februari, 1210

Mwanangu Thurstan,

Mavuno uliyoyasema yamepita mara mbili. Baba yako bado yuko mtini.

Wanaume sita walimpandisha. Walikwama katikati, jeneza likageuka miguu juu, na nikamsikia mmoja wao akimwomba Ketil radhi kama vile amemkanyaga. Mwanzoni watu walivua kofia wakipita ukutani. Sasa wamezoea. Mpwa wa msaga nafaka alipita siku ya baridi kali akapaza sauti, "Mzee Ketil, huko juu kuna moto?" Nilimfukuza na ufagio mpaka darajani, kisha nikakaa chini nikacheka, maana Ketil mwenyewe angecheka. Baada ya hapo nililia mpaka nikaogopa.

Kunguru ndio nisiowapenda. Kila asubuhi naenda na mawe.

Padre Aldred hataki niliseme hili lakini nalisema. Watu wa Mfalme wamemnyang'anya ghala na ng'ombe wake wawili, kwa kosa la kufunga kanisa kama Papa alivyoamuru. Akilifungua, Papa anamvua upadre. Akilifunga, Mfalme anamvua shati. Amekonda, anakula uji wa njegere kwangu Jumanne na Alhamisi, tena anajifanya amekuja kuniandikia barua tu.

Dhoruba ya siku ya Mtakatifu Andrea ilivunja tawi moja. Jeneza limeinama upande wa kichwa na lami inapasuka. Nilikuuliza mwaka jana, nikakuuliza tena wakati wa kukata manyoya ya kondoo, nawe ukajibu kwamba Askofu bado anatafakari. Miaka miwili ni mingi hata kwa fikra za askofu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu mimi limeshaumia. Akatae basi nijue.

Mama yako,
Hawisa

*

Haxelby, tarehe kumi na mbili Aprili, 1210

Kwa Thurstan, ambaye nilimfundisha kusoma.

Leo naandika kwa jina langu mwenyewe, na mama yako hajui kwamba naandika. Kwa kuwa ulituambia barua zinakufikia wewe peke yako, nakuambia wewe peke yako, ili moyo wako upumzike.

Nimemzika baba yako.

Jumatatu iliyopita tawi la pili lilikatika. Jeneza lilishuka likakaa limesimama wima kwenye shina, na mbao ya pembeni ikaachia. Mama yako alifika kabla yangu. Alikuwa ameegemeza mgongo wake kwenye ile mbao ili isifunguke, na akaniambia, "Padre, sitaondoka hapa." Thurstan, nina miaka thelathini na moja ya upadre. Nilikwenda kuchukua jembe.

Ilikuwa asubuhi, kijiji kizima kikiwa shambani. Tulikuwa watatu, mimi, mama yako na mke wa msaga nafaka. Tumemlaza kando ya dada zako. Sikuwasha mshumaa wala sikutamka sala kwa sauti, nilisali midomo ikiwa imefumbwa, na sijui kama hiyo inahesabika. Majani tumeyarudisha juu. Asiyejua hawezi kuona.

Nimevunja amri ya Papa na nitaitubu siku ikifika. Lakini mama yako amelala tangu jana mchana, mke wa msaga nafaka anasema hajageuka hata upande.

Aldred

*

Ng'ambo, tarehe nane Juni, 1210

Padre wangu, mwalimu wangu,

Nilikudanganyeni. Barua hii isome ukiwa peke yako.

Kila barua inayotoka nyumbani hufunguliwa mezani kwa mwanasheria wa Askofu na kusomwa kwa sauti, kwa sababu wanahofia wapelelezi wa Mfalme. Imekuwa hivyo tangu tulipofika. Niliona aibu kumwambia mama. Sisi wanakili tuko kumi na mmoja katika chumba kimoja. Askofu amesema nami mara mbili kwa miaka hii yote, na mara moja ilikuwa kuniambia nifunge dirisha. Suala la baba sikulifikisha kamwe. Niliambiwa nisubiri zamu yangu, na baada ya miezi sita niliona haya kuuliza tena.

Barua yako ilisomwa na jirani yangu wa mezani. Nilisikia jina la baba yangu, nikasikia la mama, nikasikia ulivyochukua jembe. Niliendelea kunakili kama vile majina hayo siyajui.

Mwanasheria alitoa amri palepale. Mwili utolewe kwenye uwanja mtakatifu, na padre aliyeuzika asimamishwe kazi. Akaelekeza kidole kwangu niandike, kwa sababu nilikuwa karibu na wino. Nikaomba aandike mwingine. Akaniuliza kwa nini. Nikasema mkono unaniuma. Akasema, "Basi andika polepole."

Nikaandika polepole. Amri hiyo anakuja nayo mjumbe huyuhuyu, na hii nimeishonesha ndani ya kiatu chake, nimemlipa mkanda wangu. Utautambua mwandiko, wewe ndiye uliyenifundisha. Nakuomba kitu kimoja tu. Mama asijue.

Thurstan

*

Haxelby, siku ya Mtakatifu Mathayo, Septemba 1210

Mwanangu Thurstan,

Walikuja watatu na karani mwenye karatasi ya muhuri. Walikuwa na adabu, siwezi kuwasingizia. Waliniambia, "Mama, mambo haya si ya kuangalia," wakanisindikiza karakanani kwa baba yako, wakaweka gogo mlangoni. Nilikaa kwenye benchi lake nikasikiliza majembe. Unaweza kujua kwa sikio wakati udongo unapoisha na mbao inapoanza.

Waliponifungulia walikuwa wameshamaliza. Karani akaninyooshea kidole kule mtaroni, akasema ni kaburi la tano kuanzia kichaka cha miiba. Jeneza hawakumrudishia. Mwaloni wa baba yako niliuona kwenye mkokoteni wao ukiondoka.

Sasa kila Jumapili nakwenda kukaa pale kwenye la tano. Namweleza habari. Walevi wakija nawarushia mawe, kama nilivyokuwa nawarushia kunguru.

Nimeivunja ahadi, Thurstan. Miaka thelathini na minane ya ndoa, aliniomba jambo moja. Papa simwezi, Mfalme simwezi, hata yule karani mwenye mafua sikumweza.

Lakini kuna mtu aliyekaa mahali fulani, akashika kalamu, akaandika jina la Ketil na kwamba atolewe. Simjui. Mkono ulioandika amri ile namwomba Mungu aukaushe mpaka begani. Padre Aldred kalamu imemsimama hapa. Nimemwambia andika, naye ameandika.

Wewe Askofu anakusikiliza. Muulize ni nani.

Mama yako,
Hawisa

Maneno yangu, Aldred: barua hii inabebwa na mnunuzi wa sufu, haitapita mezani. Nimeandika yote aliyosema. Sikumwambia.

*

Nchini kwetu, kwenye nyumba ya Askofu, tarehe ishirini Agosti, 1214

Mama yangu, shikamoo.

Miaka minne sijakuandikia. Nilipokea barua yako ya mwisho na nimekaa nayo. Yule uliyeniagiza nimuulize ni mimi. Amri ile niliiandika kwa mkono huu. Padre Aldred alijua tangu siku ilipofika, akanificha kwa sababu nilimwomba. Usimkasirikie. Barua zenu zilikuwa zinasomwa, nami nilisema hazisomwi ili mnione mtu mkubwa. Kwa Askofu sikuwa nimeomba chochote.

Sasa nimeomba. Umeshasikia kwamba Papa na Mfalme wamepatana. Mfalme ameinama, Papa amemsamehe, nasikia sasa wanaitana baba na mwana. Makanisa yamefunguliwa tangu mwezi uliopita. Siku hiyohiyo nilimsubiri Askofu kwenye ngazi, nikapiga magoti mbele ya watu wote, mwanasheria akiwemo. Nimepata ruhusa, Mama. Iko ndani ya barua hii, ina muhuri, na ina jina la baba: Ketil seremala wa Haxelby atolewe mtaroni, azikwe ndani ya ukuta kwa sala na kengele. Kasisi wenu mpya anatakiwa aitekeleze kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli.

Nilitaka kuileta mwenyewe. Nimefika hadi lango la mji mara mbili nikarudi. Niambie tu kama amelala vizuri, nami nitakuja.

Thurstan

*

Haxelby, tarehe nne Oktoba, 1214

Mwanangu Thurstan,

Padre Aldred ndiye anayeandika na ndiye atakayekuletea mkononi. Hata mkate asinunue njiani, nimemfungia wa kwangu. Parokia hawakumrudishia, imepewa kijana mmoja mpole mwenye mashavu mekundu.

Nianze na mkono wako. Nililia siku mbili, siku ya tatu nikala. Laana nimeiondoa, mbele ya Padre Aldred na mke wa msaga nafaka, kwa sauti, ili aliyeisikia ile ya kwanza aisikie na hii. Wewe ni mwoga, Thurstan. Lakini mwoga huyo nilimzaa mimi.

Sasa ya baba yako.

Walifukua siku ya Jumamosi. Kijiji kizima kilikuja, kwa sababu ndiyo ilikuwa ruhusa ya kwanza, na kule mtaroni wako kumi na saba. Wajane walisimama wamejifunika vichwa, kila mmoja kwenye kaburi lake, wakinitazama mimi mwenye karatasi. Kasisi aliisoma. Wakachimba la tano kuanzia kichaka cha miiba, na kilichobaki kikawekwa juu ya shuka langu jeupe. Niliomba nioshe mwenyewe. Kasisi akasema ni haki yangu.

Baba yako alianguka kutoka kwenye paa la kanisa kabla hujazaliwa. Mfupa wa mguu wa kushoto uliungana ukiwa umepinda, ndiyo maana alikuwa akichechemea mvua ikija. Na meno alikuwa amebakiza manne. Nilikunja mikono ya gauni nikaanza kuosha. Miguu yote miwili ilikuwa imenyooka. Meno yalikuwa yote kinywani.

Niliosha mara ya pili, kama vile maji yangeweza kuupinda. Sikuwa nimeinua kichwa. Niliwaza, nikisema itakuwaje? Ruhusa ni ya mtu mmoja, ina jina lake. Kasisi atasimamisha shughuli, ataandika kwa mwanasheria, mwanasheria ataamuru yafunguliwe yote kumi na saba, mbele ya wale wanawake, mpaka upatikane mguu uliopinda. Au atasema ruhusa imetumika vibaya na kuifuta kabisa. Na huyu niliyekuwa nimemshika kichwa angerudishwa mtaroni. Huenda alikuwa mpita njia, huenda na yeye kuna mtu alimwahidi. Nikafunga shuka.

Tumemlaza kando ya dada zako. Kengele ya mazishi ilipigwa, ya kwanza kwa miaka sita, na watu walilia. Mke wa msaga nafaka alinikumbatia akasema, "Hongera Hawisa, umetimiza." Nikamjibu, "Ahsante." Nilirudi nyumbani nikawapa wote pombe ya shayiri kama inavyopasa.

Kwa hiyo miaka minne nimekuwa nikimweleza habari mtu mwingine. Ketil ni mmoja wa wale kumi na sita, sijui yupi. Jumapili nilikwenda nikaanza la kwanza mpaka la mwisho, nikasimama kidogo kwenye kila moja. Wanadhani nawasalimia wafu wao, na wananishukuru.

Kifua changu si kizuri tangu mavuno, na Padre Aldred anajifanya hasikii. Nikifa sasa hakuna kizuizi. Nitazikwa kwa sala na mishumaa, ndani ya ukuta, upande wa pili wa yule mtu. Siwezi kuomba nilazwe mtaroni. Wataniuliza kwa nini, tena kwa karatasi.

Najua ukisoma hapa utataka kukimbilia ngazi za Askofu ukapige magoti. Nimemtuma Padre Aldred akae nawe mpaka umalize kusoma, akushike mkono kama itabidi. Uliponyamaza baba yako alihamishwa, na ulipoomba alihamishwa mwingine. Ichome barua hii, mwanangu. Njoo nyumbani kama unataka, njoo ule. Lakini baba yako usimwombee tena kitu kwa mtu yeyote.

Mama yako,
Hawisa